Yai la siri kwenye katlesi

Shangazi, binti yangu amerudi likizo kutoka chuoni na habari mpya: hali nyama, samaki, mayai wala maziwa. Baba yake kila siku anamuuliza kama amegeuka mbuzi. Mimi sitaki ugomvi, nikaamua kupika katlesi za viazi bila nyama ili tule wote sahani moja. Mara ya kwanza zilifumuka zote, karai likajaa makombo. Mara ya pili nikazichovya kwenye yai, nikanyamaza. Binti akala nne, akanibusu, akasema, “Mama, wewe ndiye umenielewa.” Tangu siku ile sina raha. Nimwambie? Na bila yai zinashikanaje?
Mama Watatu, Tanga

Mwanangu,

Mwambie, tena kabla hajarudi chuoni. Usiitishe kikao wala usimhusishe baba yake. Mkiwa wawili jikoni, sema: “Zile katlesi nilizichovya kwenye yai, zilinishinda kushikana. Nisamehe.” Ishia hapo, usianze kumweleza faida za mayai. Atanuna, mwache anune. Wewe mwenyewe ungelishwa usichokila, hata kwa nia njema, usingekaa kimya. Na nadhani kinachokukosesha usingizi ni lile busu kuliko yai.

Sasa tuje kwenye karai. Katlesi zako zilifumuliwa na maji. Wengi wetu tunamenya viazi, tunavikata vipande, ndipo tunachemsha; vikifika mezani vimeshiba maji. Ukivitia kwenye mafuta ya moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia ya kutokea, na katlesi inapasuka. Yai lilikuwa linafunika kosa tu.

Chemsha viazi vizima na maganda yake. Kisu kikipenya bila kulazimishwa, epua, mwaga maji, menya vikiwa bado vina moto, kisha viache kwenye sinia vitoe mvuke. Ponda kwa mwiko. Blenda usiiguse, itakupa gundi. Karoti na njegere ukizitaka, zikaange kwanza hadi zikauke, maana nazo zina maji yake. Kwa kilo moja ya viazi tia vijiko vitatu vya chakula vya unga wa dengu uliokaangwa kidogo bila mafuta, kitunguu saumu, pilipili mbichi, kotmiri, chumvi na ndimu kidogo. Kanda, finyanga, weka kwenye friji nusu saa. Zikipoa zinakaza, unaweza hata kuzigeuza kwa kijiko bila kuomba dua.

Lakini kwa nini uhangaike na katlesi wakati unaishi Tanga? Pika kachori. Ni viazi hivyohivyo, umevifanya madonge, unavichovya kwenye rojo la unga wa dengu, bizari ya manjano na chumvi, zito kiasi cha kuganda nyuma ya kijiko. Rojo hilo linaiva haraka na kufunga donge pande zote, kazi ileile uliyokuwa unaitaka kwa yai. Jirani zetu wenye asili ya Gujarat wana batata vada, ndugu wa kachori kabisa, na kachori yenyewe Unguja huikosi kwenye bakuli la urojo. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza nyama iko wapi. Mumeo bila shaka amekula kachori tangu utotoni, na hakuota pembe.

Kabla ya kukaanga, dondosha tone la rojo kwenye mafuta. Likizama na kutulia chini, subiri. Likipanda juu mara moja likichemka pembeni, anza, chache chache, maana ukijaza karai mafuta yanapoa na kachori zinayanywa. Na mafuta yenyewe yawe mapya. Najua nyumba za pwani: karai lililokaangia samaki asubuhi ndilo linalokaangia kila kitu jioni. Ukifanya hivyo utarudi kuniandikia barua nyingine.

Jambo moja la huyo binti usilipuuze. Viazi vinashibisha, lakini havitoshi. Awe anapata maharage, kunde, choroko, karanga na mboga za majani. Na kwa kuwa ameacha hata mayai na maziwa, aulize kituo cha afya kuhusu vidonge vya vitamini B12, kwani hiyo haipatikani kwenye mimea ya kawaida.

Baba yake usimtangazie kwamba leo ni chakula cha binti. Weka sinia la kachori katikati, chatini ya nazi yenye pilipili pembeni, na kachumbari. Akitaka mishkaki, anajua inakouzwa. Na viazi vya Ijumaa ijayo, aponde binti mwenyewe.