Kisiki cha mkaratusi hakijakufa

Ndugu wanamemba, huku kwetu Lubero, juu milimani, baridi ya usiku ni kali. Bila kuni hatupike wala hatuote moto. Lakini mikaratusi tuliyokata tunaiacha bila kuitunza, kisha watoto wanaenda kutafuta kuni ndani ya Parke ya Virunga, na kule ni hatari.

Tufanye hivi: tukate mti karibu na udongo, kwa mshazari, maji yasikae juu ya kisiki. Mbuzi wasiingie. Machipukizi yakipita kimo cha mtu, tubakize 2 ao 3 yenye nguvu. Yale tuliyotoa yatasimamisha maharagi. Kisha miaka 5 ao 7 tunakata tena, bila kupanda upya. Kuni zikauke vizuri: moto mwingi, moshi kidogo.

Wiki hii, kila mmoja ahesabu visiki vyake.