Kikundi cha ukili kwa wenye majonzi

Mtu aliyefiwa au aliyesongwa na mawazo ukimkalisha kitini ukamwambia "haya, sema", aghalabu hunyamaza. Mpe chane za ukindu akae jamvini na wenzake, maneno huja yenyewe. Macho huwa kwenye kazi, hakuna anayemkodolea, na akikaa kimya nusu saa haulizwi kulikoni. Wanawake wa pwani wamesuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka, hivi barazani vizazi kwa vizazi. Inafaa kazi hiyo sasa ifanywe kwa makusudi, kwa ajili ya wafiwa, wagonjwa wa muda mrefu na wazee wapweke.

Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ikaonyesha kuwa sanaa husaidia kukinga maradhi na kuwatunza wagonjwa. Mfano wa karibu zaidi uko Zimbabwe. Huko Dk. Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Benchi la Urafiki: bibi waliofunzwa huwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, kisha watu hao hukaribishwa kwenye vikundi vya kufuma mikoba huku wakizungumza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 mjini Harare, ulikuta kwamba baada ya miezi sita waliopitia mpango huo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma za kawaida. Uliopimwa hapo ni mpango mzima, si kufuma peke yake, na ndiyo maana kikundi chenu kisianze na ukindu tu; kianze na mtu anayejua kusikiliza. Mpango huo umefika hadi Zanzibar, kwa hiyo walioko huko waulize kwanza kwenye kituo cha afya.

Watu wanane au kumi wanatosha. Chagueni siku moja ya juma, mahali penye kivuli na mwanga wa kutosha, na wazee wapewe viti, kwani kukaa chini muda mrefu huumiza kiuno. Kubalianeni mapema kwamba yanayosemwa hapo hayatoki hapo. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Anayesema asikatizwe kwa mawaidha. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana sote tuna haraka ya kumwambia mwenzetu "jikaze".

Ukindu wa kusukia hutoka kwenye mkindu, ambao hupatikana kandokando ya mito na kwenye mabonde yenye maji. Huvunwa jani changa lisilofunuka. Chukueni moja kwa kila shina, kisha liacheni mpaka litoe jingine. Mkikata moyo wenyewe, shina hilo limekufa. Vaeni viatu, kwani chini ya jani kuna miiba mikali. Nendeni pamoja na muende taratibu, kwa sababu matembezi hayo nayo ni sehemu ya tiba. Majani huchanwa, huanikwa juani, kisha huchemshwa na rangi. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya njano, mizizi ya mdaa hutoa nyeusi. Mkitumia rangi ya dukani, ichemsheni nje, kwa sufuria isiyopikiwa chakula. Kabla ya kusuka, chane zilowesheni kidogo zisikatike.

Asiyejua aanze na ukili mwembamba, wenye chane chache, na asifumuliwe kazi yake kwa kuwa imepinda. Mikeka na vipepeo vikianza kuuzwa ni heri, lakini siku ya kikundi isigeuke siku ya kukimbizana na oda. Wanaume wengi hawataketi kwenye ukili. Wao wawe na baraza lao la kusuka madema au kutengeneza nyavu, kwa masharti yaleyale ya siri na usikivu.

Kusuka hakuchukui nafasi ya matibabu. Mwenye dawa aendelee nazo kama alivyoelekezwa. Mwenzenu akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akiacha kula, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akisema hataki tena kuishi, acheni kazi siku hiyohiyo. Mmoja anayemwamini ampeleke kituo cha afya, aingie naye kwa daktari akitaka, na arudi naye hadi nyumbani.