Homa ya Uti wa Mgongo Inayotokana na Fangasi: Kwa Nini ARV Husubiri

Fangasi aina ya kriptokokasi huishi katika udongo na kinyesi cha ndege, hususan njiwa. Mbegu zake huingia mapafuni kwa njia ya hewa. Mwenye kinga imara kwa kawaida hadhuriki. Lakini kwa anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, hasa seli za CD4 zikiwa chini ya 100, fangasi hiyo huweza kufika kwenye ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Dalili zake ni maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, homa, kutapika, kutoona vizuri na kuchanganyikiwa.

Wengi hudhani kwamba mgonjwa huyo yafaa aanzishiwe ARV siku hiyo hiyo. Sivyo. Dawa hizo huinua kinga, nayo kinga inapoamka hukuta fangasi nyingi kwenye ubongo na kuzishambulia kwa nguvu. Ubongo huvimba, na kwa kuwa fuvu halitanuki, shinikizo hupanda. Hivyo mgonjwa huweza kupofuka au kufariki kutokana na mapambano ya kinga yake mwenyewe.

Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, ulihusisha wagonjwa 177. Miongoni mwa walioanza ARV ndani ya wiki 2, asilimia 45 walifariki katika kipindi cha wiki 26. Kwa waliosubiri takriban wiki 5, waliofariki walikuwa asilimia 30. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri dawa za fangasi zitangulie, na ARV zifuate baada ya wiki 4 hadi 6. Katika kipindi hicho, kutolewa maji ya uti wa mgongo kwa sindano hupunguza shinikizo na huokoa maisha. Ndugu wa mgonjwa wasikatae huduma hiyo kwa hofu.

Mwenye VVU anayeumwa kichwa mfululizo amweleze mhudumu wa afya kabla ya kuanza ARV, au kuzirudia baada ya kuziacha. Aliyekwisha kuanza, kisha kichwa kikamuuma sana, asiache dawa kwa uamuzi wake. Arudi kituoni siku hiyo hiyo. Aidha, kipimo cha damu huweza kubaini fangasi hiyo kabla dalili hazijajitokeza, na tiba ya mapema huzuia madhara hayo.