Paneli za sola: tafuta muuzaji kabla ya kutafuta jina

Tangu tufunge sola kwenye paa la nyumba yetu Kigamboni, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ninunue paneli ya kampuni gani? Wanaouliza huwa wameshazunguka madukani na majina wanayajua: Jinko, JA Solar, LONGi, Trina, Canadian Solar. Duka la kwanza limewaapia hili, la pili limewaapia lile, na wamerudi nyumbani wamechanganyikiwa zaidi.

Jibu langu ni kwamba ukishakuwa ndani ya kundi hilo la majina makubwa, tofauti ni ndogo kuliko unavyoambiwa. Pesa yako inapona au inapotea kwenye mambo mawili: kama paneli iliyo mbele yako ni halisi, na kama anayekuuzia utamkuta palepale siku ikileta shida.

Anza na uniti zako

Kabla hujauliza bei, jua unatumia uniti ngapi kwa siku. Chukua umeme wa LUKU unaonunua kwa mwezi, gawanya kwa 30. Kwetu friji, feni, televisheni, taa na pampu ya maji vinakula karibu uniti 6 kwa siku.

Dar es Salaam hupata wastani wa kama saa 5 za jua kamili kwa siku. Ukitoa robo kwa ajili ya joto, vumbi, waya na inveta, paneli moja ya wati 550 inakupa kama uniti 2. Paneli tatu zingetosha, lakini masika mawingu hukaa siku nyingi, kwa hiyo tukafunga nne. Ukiwa na hesabu hii mkononi, fundi hawezi kukubebesha paneli nane usizozihitaji, wala kukudanganya kwamba moja itaendesha nyumba nzima.

Majina makubwa yanafanana kuliko unavyodhani

Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilieleza mwaka 2022 kwamba China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji wa paneli duniani. Jinko, JA, LONGi na Trina zote ni kampuni za huko. Canadian Solar ilianzishwa Kanada mwaka 2001, lakini nayo ina viwanda vikubwa China. Kwa hiyo muuzaji akikuambia paneli yake ni bora kwa sababu imetoka Ujerumani, huku bei yake iko chini ya zote dukani, una haki ya kutilia shaka.

Neno jingine linalotajwa sana ni "Tier 1". Orodha hiyo hutolewa na BloombergNEF, na inachopima ni kama benki ziko tayari kukopesha miradi mikubwa inayotumia paneli za kampuni fulani. Inakusaidia kujua kampuni ina nguvu sokoni. Ubora wa paneli yenyewe haiupimi. Vyeti vya kuulizia ni viwili: IEC 61215, kinachohusu uimara, na IEC 61730, kinachohusu usalama. Namba hizo huandikwa kwenye karatasi ya vipimo ya paneli, na muuzaji makini anakutumia karatasi hiyo kwa WhatsApp hapohapo.

Pima, usikisie

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu feki nyingi huanguka kwenye mtihani huu.

Paneli za sasa za majumbani hutoa kama wati 200 hadi 240 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13, yaani mita za mraba 2.58, na uzito wake ni kama kilo 28. Huwezi kuibeba kwapani.

Katika duka moja nilionyeshwa paneli yenye jina la kampuni kubwa na wati 400 zilizoandikwa kwa wino mzito. "Dada, hii ni orijino, chukua bila wasiwasi," kijana wa dukani akaniambia. Fundi wangu akatoa futi kamba: urefu sentimita 148, upana sentimita 67. Ni chini kidogo ya mita moja ya mraba. Paneli ya ukubwa huo, hata ingekuwa bora kuliko zote sokoni, haiwezi kuvuka sana wati 240. Tukaigeuza. Kibandiko cha nyuma kilikuwa na wati na volti tu, ampea hazikuandikwa popote, na hapakuwa na namba ya utambulisho. Tukashukuru, tukaondoka.

Kibandiko halisi kina mambo haya: wati za juu kabisa, volti na ampea za paneli ikiwa kazini, volti ikiwa haijaunganishwa na kitu, ampea za shoti, modeli na namba ya utambulisho. Zidisha volti za kazini kwa ampea za kazini, lazima upate wati zilizotajwa. Kwa paneli ya 550 ni takriban volti 42 mara ampea 13.1. Halafu tazama namba ya utambulisho. Kwenye paneli za kampuni kubwa namba hiyo na msimbopau huwekwa pia ndani ya kioo, mahali ambapo huwezi kubandua wala kubadilisha. Ya ndani na ya nyuma zilingane. Baadhi ya kampuni zina sehemu kwenye tovuti zao ya kuihakiki.

Mtihani wa mwisho ni wa juani, na afanye fundi. Wengi hupima volti, wakiziona ziko sawa wanaridhika. Volti peke yake inaweza kukuhadaa: seli zikikatwa vipande vidogo, paneli ndogo hutoa volti zilezile za paneli kubwa. Kinachopungua ni ampea. Saa sita mchana, anga likiwa jeupe, paneli ya 550 inapaswa kukaribia ampea 13 au 14 ikipimwa kwa shoti. Fundi atumie klampu mita ya umeme wa DC, kwa kuwa tesita nyingi za bei nafuu mwisho wake ni ampea 10. Na kabla ya kuachanisha waya aifunike paneli kwa kitambaa kizito, maana cheche ya DC inaunguza.

Joto na chumvi ya pwani

Wati zilizoandikwa hupimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Dar es Salaam seli hufika nyuzi 60 na zaidi. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo asilimia inayopungua kwa kila nyuzi moja. Paneli za teknolojia ya PERC hupoteza kama 0.35, za TOPCon kama 0.29. Seli zikifika nyuzi 65, paneli ya PERC ya wati 550 itabaki na kama 473, na ya TOPCon kama 486. Ni tofauti ya wati 13. Kama bei zinakaribiana, chukua TOPCon. Kama pengo la bei ni kubwa, pesa hiyo itafanya kazi zaidi kwenye betri au kwenye ufungaji.

Maana ufungaji unapambana na joto kuliko jina. Acha nafasi ya kama sentimita 10 kati ya bati na paneli, upepo upite. Kwa huku kusini mwa ikweta zielekeze kaskazini, kwa mwinamo wa kama nyuzi 10 ili mvua izioshe. Na anayeishi karibu na bahari aulize cheti cha IEC 61701 cha kustahimili chumvi, kisha asikubali bolti za chuma cha kawaida. Fremu ni alumini. Bolti za kushikia ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Dhamana ni mbili

Ya kwanza ni ya paneli yenyewe: kioo, fremu, boksi la waya nyuma. Mara nyingi ni miaka 12 au 15, na baadhi ya modeli hufika 25. Ya pili ni ya uzalishaji, miaka 25 au 30. Modeli nyingi za PERC huahidi kubaki na karibu asilimia 85 ya nguvu baada ya miaka 25. Za TOPCon asilimia 87 baada ya miaka 30. Matangazo huitaja hii ya pili kwa sauti kubwa, lakini inayokuhusu zaidi ni ya kwanza. Unyevu ukiingia kwenye boksi mwaka wa nne, ndiyo utakayoidai.

Na utaidai kwa nani? Kiwanda kiko China. Njia yako ya kukifikia ni muuzaji. Kwa hiyo niliuliza kila duka maswali yaleyale: Ninyi ni wakala wa kampuni hii au mmenunua kwa mtu? Paneli ikifa, nani anagharamia usafiri na fundi wa kuishusha? Mtanipa risiti ya EFD yenye modeli na namba za utambulisho? Maduka mengi yalianza kubabaika kwenye swali la tatu.

Mwisho tulibaki na Jinko na JA Solar, bei karibu sawa, vipimo karibu sawa. Tulichukua JA Solar kwa sababu duka lililokuwa nazo lilijibu yote matatu kwa maandishi. Kama lile la Jinko lingejibu hivyo, leo paa letu lingekuwa na Jinko, na nisingekuwa na neno.

Nunua paneli zote kwa pamoja, modeli moja. Ukizifunga mfululizo, paneli dhaifu huzivuta nyingine zote chini. Kwenye kirikuu zisafirishwe zikiwa zimesimama, na mafundi wasizikanyage wala kuzibeba kichwani, kwani seli hupata nyufa usizoweza kuziona. Kabla hazijapanda juu, piga picha kila kibandiko cha nyuma, maana zikishafungwa hutakiona tena. Tuma picha hizo kwa muuzaji siku hiyohiyo, pamoja na risiti, akujibu kwamba amezipokea. Hapo dhamana yako imeanza kuwa na maana.