Mzigo Unaoweza Kutuliwa: Uzito wa Mwili na Kisukari

SABATO ALASIRI

Soma kwa Somo la Juma Hili: Wagalatia 6:2–5, Danieli 1:8–16, 2 Wafalme 5:1–14, Isaya 38:1–5, 21, Yohana 9:1–3.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2.

Wazo Kuu: Kisukari cha aina ya pili kinaweza kurudi nyuma uzito wa mwili unapopungua. Kazi hiyo ni uwakili wa kila mmoja, lakini Mungu hakukusudia yeyote aifanye peke yake.

Kiangazi kinapokaza Handeni na mabomba yakawa makavu, wanawake na watoto hubeba maji kichwani. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na aliyeibeba kutoka mbali anajua raha ya kufika mlangoni na kuitua. Sasa mfikirie mtu aliyeongezeka kilo 15 katika miaka michache. Amebeba robo tatu ya ndoo ile, analala nayo na kuamka nayo. Magoti yake yanajua, moyo wake unajua, hata kama majirani wanamsifu kwamba amependeza. Juma hili tunajifunza namna ya kuutua mzigo huo.

JUMAPILI: Sifa ya Kunenepa

Soma Danieli 1:8–16. Danieli na wenzake walikubali kupimwa kwa njia gani?

Fungu la 15 huwashangaza wengine, kwa kuwa vijana waliokula mtama na mboga walionekana wamejaa mwili kuliko waliokula chakula cha mfalme. Zamani zile, mwili uliojaa ulihesabiwa kuwa dalili ya afya. Hata leo, Handeni na Korogwe, anayenenepa huambiwa maisha yamemkubali, na anayepungua huulizwa kwa mnong'ono ana ugonjwa gani. Hivyo wapo wanaoogopa kupungua kuliko wanavyokiogopa kisukari. Lakini unene haukuwa shabaha ya Danieli. Aliazimu moyoni, akaomba jaribio la siku kumi, akakubali matokeo yapimwe. Azimio, jaribio na kipimo: hayo matatu yanamfaa kila anayetaka kuutunza mwili wake.

JUMATATU: Kinachotokea Ndani

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Mafungu haya yanabadilishaje namna tunavyoutazama mwili?

Wanga tunaokula hugeuka kuwa sukari katika damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ni kama ufunguo unaoifungulia sukari mlango wa kuingia katika chembe za mwili. Katika kisukari cha aina ya pili, mara nyingi mafuta yaliyozidi hujikusanya ndani ya ini na kongosho. Ini humwaga sukari hata isipohitajika, na kongosho huelemewa. Ndipo huja kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, uchovu, ukungu machoni na ganzi miguuni. Wengine hawasikii lolote mpaka kidonda kikatae kupona.

Uchunguzi wa vijiji vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima pungufu ya 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9 katika kila 100. Maisha yamebadilika. Bodaboda imechukua nafasi ya miguu, na kando ya barabara kuu pale Korogwe chipsi na soda hupatikana hata usiku.

JUMANNE: Mara Saba Yordani

Soma 2 Wafalme 5:10–14. Kwa nini Naamani alikasirika alipopewa agizo jepesi?

Naamani alitazamia jambo kubwa, akaambiwa akaoge. Biblia haisemi kwamba aliona nafuu alipozama mara ya kwanza. Alitii mpaka mara ya saba.

Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uskoti na kaskazini mwa Uingereza. Watu waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita, na wasiotumia insulini, walipunguziwa sana chakula kwa miezi mitatu hadi mitano chini ya uangalizi wa kliniki. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari, bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 katika kila 100 walifikia hapo. Baada ya miaka miwili walibaki kama 36 katika kila 100 ya wote walioanza, maana uzito uliporudi, kisukari nacho kilirudi. Kwa hiyo hii ni nafuu inayolindwa kila siku.

Hata pungufu dogo lina faida. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9, kwa kawaida sukari na shinikizo la damu hushuka. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, mchunga au bamia. Robo iwe maharage, kunde au choroko. Ugali wa dona uchukue robo iliyobaki. Chai inywewe bila sukari. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Chungwa liliwe badala ya kukamuliwa, maana glasi moja ya juisi humeza machungwa matatu au zaidi. Kisha mtu atembee kwa haraka dakika 30, siku tano kwa juma.

JUMATANO: Maombi na Tini

Soma Isaya 38:1–5, 21. Mungu alitumia nini baada ya kuyasikia maombi ya Hezekia?

Mfalme aliomba kwa machozi, naye Mungu akamwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Nabii hakuona ugomvi kati ya maombi na tiba.

Basi asiwepo anayetupa dawa kwa sababu ameombewa, amepungua, au ameuziwa mizizi. Anayetumia insulini au glibenklamaidi akipunguza chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mno. Atatoka jasho, atatetemeka, hata kuzimia. Huyo azungumze na daktari kabla ya kuanza mpango huu, na pia kabla ya kufunga kwa maombi. Daktari ndiye apunguze dawa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini kamwe. Naye anayekonda bila kukusudia, huku akiwa na kiu kali, aende hospitali upesi.

ALHAMISI: Nani Aliyetenda Dhambi?

Soma Yohana 9:1–3. Yesu alilijibuje swali la wanafunzi wake?

Urithi na umri navyo huleta kisukari, na wembamba pia huugua. Kwa hiyo mgonjwa asifanywe mshitakiwa.

Chukua mfano wa mama anayeuza vitumbua stendi ya Korogwe. Kila asubuhi huonja vyake, na jioni hula akiwa amechoka. Daktari amemwambia apungue. Amepunguza kilo sita, na sasa Dorkasi wananong'ona. Siku ya makambi anapakuliwa pilau ya kujaa sahani, chapati mbili na soda, na akikataa anaambiwa anaringa. Kinachomshinda hapo ni meza ya ndugu zake. Ingetosha dada mmoja amwambie, "Mama, kesho alfajiri nitakupitia tutembee." Wagalatia 6 inasema yote mawili: kila mtu ana furushi lake, na tena tuchukuliane mizigo.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Waadventista kama 61,000 wa Marekani na Kanada. Kisukari kilikutwa kwa 7.6 katika kila 100 ya waliokula nyama, na kwa 2.9 katika kila 100 ya wasiokula nyama, mayai wala maziwa. Wote walikuwa ndugu wa imani moja, ila meza zao zilitofautiana.

Maswali ya Kujadili:

1. Chakula cha makambi yajayo kibadilishwe nini ili mwenye kisukari ale pamoja na wengine bila aibu?

2. Darasa lenu litafanyaje ili kila mshiriki mtu mzima apimwe sukari na uzito kabla robo hii haijaisha?

3. Ni nani jirani yako anayebeba mzigo huu peke yake? Utaanza kutembea naye siku gani?