Majadiliano ya Darasani na Majirani wa Kilindoni

Hati ya Vatikano ya mwaka 1991 inataja aina nne za majadiliano ya kidini: ya maisha, ya matendo, ya kitaalimungu na ya mang'amuzi ya kiroho. Mseminari anayetumwa Mafia, kisiwa chenye Waislamu wengi, hutamani kuanza na ya tatu, maana ndiyo aliyojiandalia mtihani. Aanze na ya kwanza. Jirani akifiwa, nenda. Kaa mkekani na wenzako, chota maji. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani, na ukialikwa futari, itikia. Swali kuhusu Utatu Mtakatifu litakuja lenyewe, pengine gatini Kilindoni mkisubiri boti ya Nyamisati. Lijibu kwa ufupi, bila ubishi. Kesho mtakutana tena sokoni.