Majibu ya Vipimo Yasipotoa Jibu: Somo Kuhusu Ugonjwa wa Neva za Misuli

Mchuma majani chai wa Kionyo, Imenti Kusini, anagundua kwamba kidole gumba cha mkono wake wa kulia hakibani vizuri. Kwanza ni vifungo vya sweta, kisha kufuli ya mlango. Anapimwa damu, anapigwa picha ya shingo, hatimaye anatumwa kufanyiwa kipimo cha umeme wa neva na misuli, ambacho madaktari hukiita EMG. Karatasi inarudi ikisema kuna mabadiliko kiasi, hayaonyeshi ugonjwa mmoja mahususi, kipimo kirudiwe baada ya miezi 3. Usiku huo kijana wake anayaandika maneno hayo kwenye simu, na simu inamjibu kwa herufi tatu: MND. Kufikia asubuhi hakuna aliyelala katika boma hilo.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo hili. Hofu iliyomo si ya kutunga, na mara nyingi huanza pale ambapo karatasi imesomwa bila daktari kuwepo.

MND ni ugonjwa unaoua polepole neva zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Neva hizo ziko katika makundi mawili. Za juu, zinazotoka ubongoni, zikiharibika, kiungo hukakamaa na goti huruka kupita kiasi daktari anapoligonga kwa nyundo ndogo. Za chini, zinazotoka kwenye uti wa mgongo, zikiharibika, misuli husinyaa, hulegea na kuchezacheza. Daktari anayeshuku MND hutafuta dalili za makundi yote mawili, na hutaka kuona udhaifu ukiongezeka kadiri siku zinavyopita. Wataalamu waliokutana Gold Coast, Australia, mwaka 2019 waliviweka vigezo vyao kwa msingi huohuo: udhaifu unaoendelea, dalili za juu na za chini, na magonjwa mengine yawe yameondolewa kwenye orodha.

Hapo ndipo jibu lisiloeleweka linapopata maana yake. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Damu hupimwa ili kutafuta mengine. EMG nayo huonyesha kwamba neva fulani zimepungukiwa nguvu, lakini peke yake haisemi ni kwa nini. Pingili za shingo zilizochakaa zinaweza kuleta mabadiliko yanayofanana. Kwa hiyo "rudia baada ya miezi 3" si njia ya daktari kumficha mgonjwa habari mbaya. Muda wenyewe ni sehemu ya kipimo.

Ni vyema pia kujua uzito wa kila uwezekano. Huko Ulaya, ambako wagonjwa wamehesabiwa kwa miaka mingi, MND hupata watu 2 hadi 3 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka. Mkono dhaifu una sababu nyingi zilizo za kawaida kuliko hiyo: neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, hasa kwa wanaochuma, kukamua au kushona siku nzima, kisukari, tezi ya shingo, virusi vya ukimwi, upungufu wa vitamini B12, ambao huweza kumpata hata mtu aliyetumia dawa ya metformin kwa miaka. Nyingi kati ya hizi zinatibika, na baadhi huacha madhara ya kudumu zikicheleweshwa. Ganzi na kuwashwa kwa vidole usiku huelekeza kwenye sababu hizo zaidi kuliko MND, ambayo kwa kawaida haigusi hisia za ngozi.

Kuhusu misuli inayochezacheza kwenye kope au ndama ya mguu, watu wengi wenye afya huipata. Kukosa usingizi huiongeza, kahawa nyingi huiongeza, na wasiwasi wenyewe huiongeza. Na katika Meru ni vigumu kuzungumzia usingizi bila kutaja miraa: anayetafuna hadi usiku wa manane amweleze daktari hivyo bila kuona haya. Kuchezacheza bila udhaifu wowote mara nyingi si dalili ya MND.

Kinachofaa kuangaliwa wakati wa kusubiri ni kazi ambayo mwili umeshindwa kufanya. Ufunguo haugeuki. Mtungi wa lita 20 uliokuwa ukibebwa sasa unawekwa chini njiani. Ndala inachomoka mguuni. Maneno yanaburutika, chakula kinapalia. Yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, mara moja kwa wiki. Kujipima nguvu kila saa huchosha misuli na kuzidisha woga. Daftari hilo litamfaa daktari sana, pengine kuliko karatasi ya mashine.

Yapo mambo yasiyosubiri miezi 3. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, miguu yote miwili kulegea huku mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, au kukosa pumzi unapolala chali: yote haya ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya kliniki, ulizeni maswali matatu. Kipimo hiki kimeondoa nini? Kimebakisha nini? Kitu gani kikibadilika, nirudi mapema? Bebeni ripoti kamili za vipimo na picha zenyewe. Madaktari bingwa wa neva ni wachache nje ya Nairobi, hivyo mgonjwa wa Meru au Embu huenda akahitaji barua ya rufaa. Thibitisheni tarehe kwa simu kabla ya kupanda matatu.

Na ikiwa ni MND kweli? Haina tiba ya kuimaliza. Dawa ya riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza miezi michache. Wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili zianze, ingawa wapo wachache kama mwanasayansi Stephen Hawking, aliyeambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21 na kufariki mwaka 2018. Mazoezi ya viungo, lishe laini na msaada wa kupumua hubadilisha sana siku za mgonjwa, na huduma ya tiba shufaa, kama ile ya Meru Hospice, si ya saratani peke yake. Ugonjwa hauambukizi, wala si laana. Anayeahidi kuuponya kwa malipo ya shamba au ng'ombe hapaswi kupewa hata shilingi.

Wasiojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wanaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147# au kupitia mhudumu wa afya ya jamii kijijini. Ni afadhali kujisajili kabla barua ya rufaa haijaandikwa.